Mshahara umechelewa, mume hana kazi: nitashukuruje bila kujidanganya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi, mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mume wangu alipunguzwa kazini mwaka juzi, na tangu hapo nyumba naibeba mimi. Mshahara wangu wenyewe unachelewa, mara nyingine hata miezi miwili. Nimejikuta nalalamika kutwa: kwa walimu wenzangu, kwa dada zangu kwenye simu, kwa watoto, hata nikipiga magoti. Nikisikia mahubiri ya "shukuruni kwa kila jambo" najaribu, lakini naona kama namdanganya Mungu. Nifanye nini hasa? Na je, nijitoe kwenye kikundi chetu cha akina mama? Tukikutana ni malalamiko mwanzo mwisho.

JIBU: Amina, dada yangu, na pole kwa mzigo. Nianze na hapo unapojiona mwongo ukishukuru, maana ndipo wengi wanapokwama. Hisia hiyo inakuambia kweli. Mungu hakukuagiza umwite mwajiri anayekukalia mshahara kuwa ni baraka. Mstari unaohubiriwa ni 1 Wathesalonike 5:18. Endelea kusoma mpaka mstari wa 22 utaona Paulo anaagiza mambo yote yajaribiwe, lililo jema lishikwe, na waamini wajitenge na ubaya wa kila namna. Huwezi kushika jema na kujitenga na baya ikiwa umekatazwa kuyatofautisha.

Tazama pia walioandikiwa. Paulo na Sila walitolewa Thesalonike usiku baada ya ghasia, na mwenyeji wao Yasoni akaburutwa mbele ya wakubwa wa mji (Matendo 17). Waliobaki walikuwa wanazika ndugu zao na kuhangaika juu ya hatima ya waliolala (1 Wathesalonike 4). Kwa hiyo agizo la kushukuru lilikwenda kwa watu wenye machozi. Na kabla ya kulitoa, kwenye mstari wa 14 wa sura ya 5, Paulo anawapanga watu kwa hali zao: wasiokaa kwa utaratibu waonywe, waliokata tamaa watiwe moyo, wanyonge wasaidiwe, na wote wavumiliwe. Kwa maelezo yako, wewe si wa kuonywa, ni wa kutiwa moyo. Mtu aliyechoka akihubiriwa kama mkaidi, hutoka ibadani amechoka zaidi.

Hata hivyo, umeniambia unalalamika kutwa, na hilo siwezi kulipita kimya. Linakula nguvu unazozihitaji, na watoto wako wanajifunza namna ya kuyatazama maisha kutoka kinywani mwako. Tusaidiane kuona lipi liachwe na lipi libaki.

Sura moja yenye malalamiko mawili

Fungua Hesabu 11, uisome yote kwa kikao kimoja. Waisraeli wapo jangwani, mana inashuka kila siku, nao wanalia. Wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu, na wanasema samaki wale walikula bure. Wanaosema hivyo ni watu waliotoka utumwani juzi tu, waliofyatua matofali chini ya wasimamizi. Kila mtu analia mlangoni pa hema yake, jirani anasikia, naye anaanza.

Katika sura hiyo hiyo Musa naye analalamika, na maneno yake ni makali kuliko yao. Anamwuliza Mungu kwa nini amemtenda hivi, kama ni yeye aliyewachukua mimba watu hawa. Anasema mzigo umemshinda, na anafika mpaka kuomba auawe. Mungu hamkemei. Anamwagiza akusanye wazee 70 wa kuubeba mzigo pamoja naye. Wale wengine walipewa nyama waliyoililia, na ikawajia pamoja na pigo.

Wote walikuwa na shida za kweli, kwa hiyo tofauti haiko kwenye ukubwa wa shida. Musa alimwendea mwenye uwezo wa kubadilisha hali, akautaja mzigo kama ulivyo, akasema waziwazi asichoweza. Watu walisemezana wao kwa wao, wakaipamba jana kuliko ilivyokuwa, wakadharau kilichokuwa mikononi mwao. Hata swali lao la "nani atatulisha nyama?" walilitupa hewani, hawakumwomba Mungu.

Sasa chukua lalamiko moja la jana, lolote, ulipitishe kwenye maswali haya. Nilimwambia nani, na je, ana uwezo wa kulibadilisha? Nililisema kama lilivyo, au niliongeza "kila siku", "hata siku moja", "watu wote"? Niliomba nini? Ukikuta umemwambia asiye na uwezo, ukaongeza chumvi, na hukuomba kitu, hayo ndiyo manung'uniko yanayokatazwa katika Wafilipi 2:14. Ukikuta ulimwambia anayehusika, kwa ukweli, ukiwa na ombi, usijihukumu. Hiyo haikuwa dhambi.

Mpe Mungu kilio chako kikiwa na umbo

Umesema unalalamika hata ukipiga magoti, na ulivyoandika unaliona hilo ni baya kuliko yote. Mimi naliona ndilo lenye afya kuliko yote, ila halina umbo, ndiyo maana unainuka ulivyopiga magoti. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni vilio. Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu na inafuata njia iliyo wazi. Mistari 1 na 2 ni kilio, na maneno "hata lini" yanarudi mara nne. Mistari 3 na 4 ni ombi, tena ombi lenye sababu: uniangalie, uniitikie, nisije nikaangamia na adui akafurahi. Mistari 5 na 6 ni tumaini: nimezitumainia fadhili zako, nitakuimbia.

Kosa la kawaida ni kuruka. Kuna anayeruka kilio akaanza na sifa kwa sababu kafundishwa kwamba maombi ya imani hayana machozi, na hapo ndipo uongo unapoingia. Mwingine anakaa kwenye kilio nusu saa na hafiki kwenye ombi. Andika maombi yako kwa umbo hilo, sehemu tatu, sentensi mbili au tatu kila sehemu. Kwa hali yako yanaweza kuwa hivi:

"Bwana, mpaka lini nitaamka kila siku kuhesabu shilingi? Mpaka lini mume wangu atarudi jioni mikono mitupu, na mimi nione aibu kwa ajili yake? Nakuomba mshahara wa miezi hii miwili utoke, maana ada ya mtoto inadaiwa na duka limeacha kutukopesha. Mpe mume wangu kazi, na mpaka hapo utuzuie tusiumizane kwa maneno. Umetuvusha mwaka mzima ambao sikuujua tungeuvukaje. Nakutumaini kwa mwezi huu pia."

Soma kwa sauti, mara moja, asubuhi au usiku. Dakika tano zinatosha. Usirefushe kwa kurudia sehemu ya kwanza. Zikija siku ambazo sehemu ya tatu haitoki kabisa, usiilazimishe: soma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na kuishia gizani bila mstari wa furaha. Imewekwa kwenye Biblia kwa ajili ya siku za namna hiyo. Zikiwa ni siku nyingi mfululizo, yaani wiki mbili au zaidi, usingizi umekata, chakula hakipiti, na mambo uliyoyapenda hayakugusi tena, nenda hospitali ueleze hivyo hivyo. Huko si kukosa imani.

Mshahara una njia yake

Malalamiko yako kuhusu mshahara ni ya haki, na kuyageuza kuwa shukrani za mdomoni kungekuwa kosa. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika kwa Bwana. Kanisa la Yerusalemu lilipokuwa na manung'uniko kwamba wajane wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuhubiri juu ya kuridhika. Waliitisha kikao, wakachaguliwa watu saba wa kusimamia (Matendo 6). Naye Paulo, yule aliyeimba usiku wa manane gerezani Filipi, asubuhi alikataa kuondoka kimya. Aliwaambia wenye mamlaka kwamba wamepiga raia wa Rumi bila hukumu, basi waje wenyewe kuwatoa (Matendo 16). Wimbo wa usiku haukumzuia kudai haki asubuhi.

Basi fanya hivi. Kwenye daftari andika kila mwezi ambao haukulipwa au ulichelewa: tarehe iliyotakiwa, tarehe uliyolipwa, kiasi. Weka pamoja mkataba, hati za malipo na taarifa za benki. Andika barua fupi kwa mkuu wa shule au mmiliki, ya heshima, isiyo na lawama za tabia: ninadai mishahara ya miezi fulani, jumla kiasi fulani, naomba tarehe ya kulipwa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kuwa imepokelewa. Ni vizuri zaidi mkiandika walimu wote mnaodai, au kupitia chama cha wafanyakazi kama mnacho. Wape siku 14. Pasipokuwa na jibu, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ya mkoani kwako. Mgogoro huanza kwa kujaza fomu namba 1 ya Tume na kumpa mwajiri nakala, na hatua ya kwanza huwa ni usuluhishi. Angalia muda: madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanatakiwa yafikishwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Walimu wengi hunung'unika ofisini mwaka mzima, na wakija kuamka wanalazimika kuomba kwanza wakubaliwe kuchelewa.

Ukishapeleka barua utaona jambo: hamu ya kulisema suala hilo kila mapumziko ya chai inapungua yenyewe. Nusu ya maneno yetu ofisini ni kazi ambayo hatujaifanya.

Kwa mume wako

Hapa naomba uwe mwangalifu kuliko mahali pengine pote. Mwanamume aliyepoteza kazi tayari anajilaumu, na akisikia mkewe akimwambia dada yake kwenye simu kwamba "anakaa tu", atajifunga au atawaka. Mathayo 18:15 inasema nenda ukaseme naye, wewe na yeye peke yenu. Kwa hiyo lalamiko linalomhusu yeye lisianzie kwa dada zako. Lianzie kwake.

Chagua wakati: mmeshakula, watoto wamelala, hakuna aliyetoka kupigiwa simu ya deni. Jambo moja tu kwa kikao kimoja. Anza na kile unachokiona anafanya, ukitaje kwa jina, kama vile kuchota maji au kuwapeleka watoto shule. Kisha sema mzigo wako kama Musa: "Mimi nikirudi saa kumi na moja nimechoka, na kupika, kufua na kukagua madaftari vinanishinda peke yangu." Halafu omba kitu kinachopimika: "Naomba chakula cha jioni siku za Jumatatu hadi Ijumaa kiwe kwako." Usiseme "unisaidie zaidi", maana hakuna ajuaye zaidi ni kiasi gani. Mkishakubaliana, usirudie hoja hiyo kwa wiki mbili, hata akikosea siku moja.

Na nikuwekee mpaka ulio wazi: kama kuna kipigo au vitisho ndani ya nyumba, yote niliyoandika juu ya kuvumilia hayahusu hilo. Hapo ni mtu unayemwamini, mchungaji au mzee wa kanisa atakayekusikiliza, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Uvumilivu wa Kikristo haujawahi kumaanisha kukaa chini ya mkono unaokupiga.

Uchovu na njaa

Benedikto wa Nursia, aliyeandika kanuni za watawa karne ya 6, aliyapiga vita manung'uniko kuliko karibu jambo lolote. Anayataja tena na tena. Lakini katika sura ya 35, akizungumzia ndugu wanaopika na kuhudumu mezani, anaagiza wapewe mkate na kinywaji cha ziada saa moja kabla ya chakula, ili wahudumu bila kunung'unika na bila kuchoka mno. Na sura ya 41 inamtaka abati, yaani mkuu wa watawa, apange ratiba na milo kwa namna ambayo ndugu hawatakuwa na sababu ya haki ya kunung'unika. Alijua kwamba roho inakaa kwenye mwili wenye njaa, na kwamba kiongozi anayehubiri saburi huku akiwabebesha watu kupita kiasi anatengeneza dhambi anayoikemea.

Chukua daftari kwa siku saba uandike saa tu ya kila lalamiko lililokutoka. Huna haja ya kuandika maneno yake. Kwa akina mama wanaofanya kazi, mara nyingi yanarundikana pale mtu anaporudi nyumbani kabla hajala, na usiku baada ya saa nne. Ukikuta ni hivyo kwako, kula kitu kidogo kabla hujaanza jiko, hata kiazi kimoja na chai, kaa dakika kumi bila kuongea na mtu kuhusu fedha, na usijadili madeni baada ya saa tatu usiku. Si jambo la kiroho kwa sura yake, lakini Eliya naye alipoomba afe chini ya mretemu, malaika alimpa mkate na maji na kumwacha alale, mara mbili, kabla Mungu hajazungumza naye (1 Wafalme 19).

Shukrani yenye jina

Sasa shukrani yenyewe. Shukrani inayokauka ni ile ya jumla: asante kwa uzima, asante kwa afya, asante kwa yote. Baada ya siku nne ulimi unaitamka peke yake. Tumia daftari lile lile. Usiku, mambo matatu tu, na kila jambo liwe na vipande vitatu: ni nini hasa, limepitia mkono wa nani, na ingekuwaje lisingekuwepo. Mfano: "Mama jirani alimchukua mtoto mdogo saa nane mpaka saa kumi na moja. Ni yeye, hakuomba kitu. Pasipo hivyo ningeshindwa kubaki kwenye kikao cha mitihani." Hapo una jambo la kumshukuru Mungu bila uongo wowote, kwa sababu limetokea kweli. Usirudie jambo lile lile ndani ya wiki moja, ili ulazimike kutazama. Na kila Jumamosi chagua mtu mmoja kati ya waliotajwa, umwambie kwa mdomo au kwa ujumbe: ulifanya hili, lilinisaidia hivi. Katika wakoma kumi wa Luka 17, wote waliponywa. Yule Msamaria alitofautiana nao kwa kuwa alirudi.

Kama kila siku ni mzigo, fanya mara moja kwa wiki, mambo matano. Watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, mwaka 2003 walichapisha majaribio ambayo katika mojawapo watu waliandika mara moja kwa wiki mpaka mambo matano: kundi moja mambo ya kushukuru, jingine kero, jingine matukio ya kawaida tu. Waliandika kwa wiki kumi. Wa shukrani waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi na waliitazamia wiki inayofuata kwa matumaini zaidi. Silitaji hilo ili kuithibitisha Biblia. Nalitaja kwa sababu watu huogopa kwamba bila kushukuru saa zote hawajashukuru.

Mambo matatu huiharibu shukrani. La kwanza ni kujilinganisha: "angalau sisi tunakula, si kama familia ya fulani." Sikiliza maombi ya Farisayo katika Luka 18. Nayo yanaanza kwa "nakushukuru", kisha yanahesabu watu ambao yeye si kama wao, na hakurudi nyumbani amehesabiwa haki. Shukrani inayohitaji mtu mwingine awe chini itakugeuka siku utakayokutana na aliye juu. La pili ni kuifanya shukrani iwe malipo ya mbele, kwamba nikishukuru sana Mungu atalazimika kunipa. Kazi isipopatikana kwa wakati uliojiwekea, unadai, na unung'unikaji unarudi ukiwa mkali zaidi. La tatu ni kuwabandikia wengine. Mume wako akisema amechoka kukataliwa kazi, usimjibu "mshukuru Mungu una afya." Kaa naye kwanza. Rafiki zake Ayubu walifanya vema kwa siku saba walizokaa kimya, na waliharibu walipofungua mdomo.

Kungoja kama mkulima

Subira unayoihitaji imeelezwa vizuri kwenye Yakobo 5:7. Mkulima anangoja mvua ya kwanza na ya mwisho. Katika nchi ya Biblia mvua ya kwanza huja karibu Oktoba na Novemba, hulainisha ardhi ili ilimwe na kupandwa. Ya mwisho huja karibu Machi na Aprili, hujaza masuke. Katikati kuna miezi ambayo mkulima hawezi kuiharakisha, lakini halali. Anapalilia, anafukuza ndege, anatengeneza ghala. Mtu wa Morogoro anayeijua vuli na masika hahitaji kufafanuliwa hilo.

Kwa hiyo kaa na mume wako mgawe karatasi mara mbili. Upande mmoja yale yasiyo mikononi mwenu: lini mwajiri ataita, bei ya vitu, uamuzi wa Tume. Upande wa pili yaliyo mikononi mwenu wiki hii: maombi mawili ya kazi, simu kwa mtu wa zamani wa ofisini kwake, kibarua cha siku mbili, mboga za uani. Ya upande wa kwanza yaombeeni pamoja mara moja kwa siku, kisha msiyajadili tena siku hiyo. Ya upande wa pili yapeni siku na mhusika. Wekeni pia tarehe, labda baada ya miezi mitatu, ya kukaa na kupima kama mpango ubadilike: kuhamia chumba cha bei nafuu, mume kwenda mji mwingine kutafuta, wewe kutafuta shule nyingine. Kungoja kusiko na tarehe ya kujitathmini huwa kunageuka uchungu taratibu bila mwenyewe kujua.

Na usidhani mvumilivu ni mtu asiyetoa sauti. Mstari wa 11 wa sura hiyo ya Yakobo unamtaja Ayubu kuwa mfano wa saburi, huyo aliyelia na kubishana kuanzia sura ya 3 mpaka ya 31. Mwishoni Mungu aliwakemea rafiki zake, akasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu Yeye kama alivyonena mtumishi wake Ayubu (Ayubu 42:7). Ayubu hakuacha kumsemesha Mungu, na hakuondoka.

Kuhusu kikundi

Usijitoe bado. Akina mama wale nao wana mizigo, na pengine hapo ndipo mahali pao pekee pa kuitua. Lakini uliyoyaona ni kweli. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alionyesha kwamba watoto na vijana wanaorudiarudia matatizo na marafiki zao huwa na urafiki wa karibu zaidi, na pia huzuni na wasiwasi zaidi. Ndiyo maana vikao hivyo vinavutia na vinaumiza kwa wakati mmoja.

Mwone mwenyekiti faraghani, usilete hoja mbele ya wote wakajiona wamesemwa. Mpendekezee utaratibu: kila mwenye jambo apewe dakika tano bila kukatizwa, kisha kikundi kimwulize swali moja tu, "unaomba tukufanyie nini?", kisha aombewe papo hapo na mtu mmoja kwa jina lake. Habari za mtu asiyekuwepo zisijadiliwe. Kama kuna aliyelazwa au aliyefiwa, apangiwe nani anakwenda siku gani na nani anapeleka unga. Jaribuni kwa vikao vinne. Wakikataa, punguza kwenda, uwatafute wawili kati yao mnaoweza kuomba pamoja, na uendelee kuchangia mfuko wa kikundi ili misiba na magonjwa yasikukute nje. Kwa kikao kijacho, kabla hata hujamwona mwenyekiti, nenda na jambo moja kutoka kwenye daftari lako ambalo limepitia mkono wa mmoja wao, ulitaje mbele yake chai ikiwa bado haijamiminwa.